Nilivyozuia joto la injini lisiingie ndani ya Land Rover 109

Gari langu ni Land Rover Series III 109 ya petroli, ile yenye injini ya lita 2.25. Naishi Moshi na kazi nyingi ziko Arusha, kwa hiyo barabara ya Boma Ng'ombe, uwanja wa ndege wa KIA na Usa River ndiyo maisha yangu. Mwezi wa Januari na Februari, jua la Boma Ng'ombe peke yake linatosha. Ukiongeza moto wa injini unaopanda kutoka sakafuni, hizo kilomita 80 zinakuwa adhabu: soli za viatu zinalainika, na maji ya kunywa yaliyowekwa kando ya giaboksi yanafika Arusha hayanyweki.

Ushauri niliopewa na karibu kila mtu ulikuwa uleule: tandika kapeti nzito, au weka godoro chini ya kapeti. Nilikataa. Godoro linanyonya maji na oili, na likikaa juu ya ekzosi linaweza kushika moto. Tena joto jingi la gari la zamani haliji kwa kupenya bati, linaingia pamoja na hewa. Kama kuna tundu, upepo wa feni unasukuma hewa ya moto moja kwa moja miguuni mwako, na kapeti haina la kufanya.

Kabla ya kugusa sakafu nilianza na injini yenyewe. Taimingi, yaani wakati wa plagi kutoa cheche, ikichelewa, mafuta yanaendelea kuungua yakiwa yanatoka, na ekzosi inapata moto kuliko inavyotakiwa. Tukaiweka sawa. Gasketi ya manifoldi, pale mabomba ya moshi yanapoungana na injini, ilikuwa imetoboka, unaona masizi meusi yamejichora kwenye maungio na asubuhi unasikia mlio wa puh-puh kabla chuma hakijapata moto. Ikabadilishwa. Rejeta ikazibuliwa. Halafu kuna hita, ambayo wengi huku kwetu wanasahau kwamba ipo, kwa sababu nani anawasha hita Moshi? Koki yake ikichoka haifungi vizuri, maji ya moto yanazunguka kwenye rejeta yake ndogo mwaka mzima na joto linaletwa ndani hata kama swichi imezimwa. Mipira ya hita nikaiunganisha yenyewe kwa yenyewe, maji yakarudi kwenye injini bila kupita kule.

Usiku ndiyo nilifanya kazi niliyoifurahia kuliko zote. Niliweka taa kali ndani ya boneti, nikaifunga, nikaingia ndani ya gari gizani na chaki. Ukuta wa chuma unaotenganisha injini na abiria ukajaa nyota. Mwanga ulipita pembeni ya kanyagio la klachi, kwenye matundu ya nyaya ambazo zilishatolewa zamani, kwenye maungio ya bati za sakafu, na zaidi ya kote kwenye ile raba inayovaa mkono wa gia, iliyokuwa imepasuka upande wa chini ambako huwezi kuiona mchana. Kila palipowaka nikapazungushia chaki.

Matundu hayo yana hatari kubwa kuliko jasho. Panapopita hewa ya moto, moshi wa ekzosi nao unapita, na ndani ya moshi huo kuna kaboni monoksaidi, ambayo haina harufu wala rangi na inaua. Mtu anayeshuka garini na kichwa kinamgonga asikimbilie kulaumu jua. Hata kama joto halikusumbui, ziba.

Matundu ya nyaya nilivalisha raba zake, zinauzwa madukani kwa bei ndogo. Matundu matupu yakafunikwa kwa kipande cha bati na riveti. Bati za sakafu za gari hili zimefungwa kwa skrubu, kwa hiyo zinatoka zote. Nilizitoa, nikasafisha kingo, nikaweka utepe wa sponji ngumu isiyonyonya maji, nikazirudisha. Karibu na ekzosi nilitumia silikoni ya gasketi, ile inayovumilia moto. Silikoni ya madirisha haifai hapo.

Baada ya hapo ndipo nikaenda kwa fundi bati wa eneo la Unga Limited, Arusha, atengeneze ngao ya alumini ya milimita moja ya kukaa kati ya bomba la ekzosi na sakafu. Alitaka kuipiga riveti moja kwa moja kwenye sakafu.

"Mzee, ikigandana na sakafu itakaa imara, haitapiga kelele."

Nikamwomba apande juu ya tairi aangalie paa. 109 yangu ni ya abiria, na magari hayo kiwanda cha Solihull, Uingereza, kiliyawekea paa la pili juu ya paa la kwanza kwa ajili ya nchi za joto.

"Hapa katikati kuna nini, fundi?"

"Hakuna kitu. Upepo tu."

"Basi na kule chini tuache upepo."

Hakuhitaji maelezo zaidi. Alikata vipande vya bomba dogo, kila kimoja kama sentimita moja na nusu, akavitumia kuinua ngao isiguse sakafu. Alumini inayong'aa inarudisha sehemu kubwa ya joto la ekzosi, na lile linalobaki linachukuliwa na upepo gari likitembea. Ukiigandisha na sakafu, inalipokea joto na kukukabidhi. Tulihakikisha pia haigusi bomba la breki wala la petroli.

Kuna wanaofunga ekzosi kwa bendeji ya kuzuia joto. Sikuipenda kwa gari la kazi: inashika unyevu, na bomba linaoza kwa kutu bila wewe kuona. Na kama gari lako lina vitambaa vya kijivu vya zamani vyenye nyuzi zinazovunjika, usivikwangue vikavu. Vizuia joto vingi vya enzi hizo vilikuwa na asbestosi, na vumbi lake linaleta saratani.

Ndani nilimalizia kwa sponji yenye karatasi ya alumini, kisha kapeti nyepesi. Raba ya nyuma ya boneti nayo ni mpya. Niliambiwa niinue boneti kwa nyuma ili joto litoke, nikakataa, kwa sababu gari likikimbia upepo unajikusanya chini ya kioo cha mbele na kurudi ndani ya boneti, na ukisimama, hewa ya moto inaingia kupitia vile vifuniko viwili vya hewa chini ya kioo. Mimi navifungua nikiwa mwendoni, foleni ya Arusha ikinikuta navifunga.

Sasa sakafu inashikika kwa kiganja nikifika mjini. Mkono wa gia bado unapata moto, maana chuma chake kimezama ndani ya giaboksi, na huo nimeuacha. Skrubu za ngao nazikaza kila ninapobadilisha oili, kwa sababu barabara za vumbi zinazilegeza.