Mzula uliovaliwa na chupa ya chai

Mzula wa kwanza niliomfumia babu uliishia kuvaliwa na chupa ya chai. Ilikuwa Juni, likizo ya kidato cha pili, Njombe, msimu ule ambao ukiongea asubuhi mvuke unakutoka mdomoni na wazee hawabanduki jikoni mpaka jua lichomoze. Babu alikuwa akijifunga taulo kichwani. Mama mkubwa, ambaye alifuma masweta ya watoto wa nusu ya mtaa, akaniambia nimtengenezee mzula, yeye atanielekeza.

Uzi tuliupata mnadani, kwenye sweta la mitumba la kijivu. Hapo kuna ujuzi ambao wengi hawana. Sweta hugeuzwa nje ndani kabla hata ya kuulizia bei, ukatazama mshono wa ubavuni. Ukikuta ovaloki, yaani nyuzi za mashine zilizozungushwa kwenye ukingo, liache hapohapo: kitambaa kilikatwa kwa mkasi, kwa hiyo kila mstari ni uzi wake, na ukifumua utabaki na vipande vya urefu wa mkono. Linalofaa ni lile ambalo kingo zake ni nzima na limeunganishwa kwa uzi mmoja wa mnyororo. Ukiukata huo, pande zote zinaachana. Mama mkubwa alichomoa kauzi kadogo akakawashia kiberiti. Kakanuka nywele zilizoungua na majivu yakasagika vidoleni. "Sufu hii," akasema. Akriliki ingeyeyuka na kuacha kitonge kigumu.

Tulianza kufumua shingoni kushuka chini, kwa sababu sweta lile lilikuwa limefumwa kuanzia pindo na kumalizikia juu. Uzi ukitoka unakuwa wa mawimbi kama nywele zilizofumuliwa misuko. Tuliuzungusha kwenye mgongo wa kiti, tukaufunga sehemu 4 kwa vikamba vilivyolegea, tukauloweka kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo, kisha tukautundika na kopo la maji likining'inia chini ili unyooke. Sufu haifikichwi, wala haitiwi maji ya moto; inajishika na kuwa kama blanketi. Kufuma uzi ambao bado una mawimbi ni kujidanganya pia, maana vipimo utakavyopata leo vitabadilika siku utakapoufua mzula.

Kichwa cha babu kilikuwa sentimita 54, tulikipima juu kidogo ya masikio. Mzula haufumwi sawa na kichwa. Unapunguza kama sehemu moja ya kumi ili uvutike na kushika, kwa hiyo tulitaka mzunguko wa karibu 48. Mama mkubwa akanipa hesabu yake: vitanzi 98, yaani 96 vya mzula na kimoja kila ukingo vya kushonea. Namba 96 inagawanyika kwa 4, ambayo ndiyo mbavu za pindo (vitanzi viwili vya mshono wa mbele, viwili vya mshono wa nyuma), na inagawanyika kwa 8, ambayo ndiyo vipande vya utosi. Kisha akaenda shambani.

Sindano zake alikuwa amemwazima jirani. Mimi nikachukua spoku mbili za baiskeli, nikazinoa ncha kwenye jiwe. Watu wengi hufumia spoku, sikuona tatizo.

Siku ya kwanza yote iliishia kwenye pindo. Nilikuwa nikihesabu 98, mistari minne baadaye 103, kisha 107. Kosa lilikuwa pale ninapotoka mshono wa mbele kwenda wa nyuma: uzi unatakiwa upite katikati ya sindano mbili, mimi nilikuwa naupitisha juu ya sindano, na kila ukipita juu unazaa kitanzi. Nikafumua. Mwanzo wenyewe pia niliukaza mno. Pindo la hivyo humwachia mtu alama kwenye paji la uso. Dawa yake ni kuanzishia vitanzi kwenye sindano mbili zilizoshikwa pamoja, halafu unachomoa moja.

Baada ya pindo la sentimita 6 nikaendelea mbele-nyuma ya kawaida (mstari mmoja wa mshono wa mbele, unaofuata wa nyuma) mpaka sentimita 16 kutoka chini. Nikaingia utosini: kitanzi cha ukingo, fuma 10, fuma viwili kwa pamoja, rudia mara 8, kitanzi cha ukingo. Mstari wa kurudi haupunguzwi. Mstari unaofuata ni fuma 9 na viwili kwa pamoja, kisha 8, hivyohivyo mpaka vikabaki vitanzi 10. Nikakata uzi nikiacha sentimita 60, nikaupitisha kwa shazia ndani ya vile vitanzi 10, nikavuta utosi ukajifunga, nikateremka na uzi huohuo kushona ubavu.

Ukasimama wenyewe mezani. Mzula unaosimama wenyewe ni dalili mbaya.

Mama mkubwa aliporudi aliubonyeza kama anayechagua parachichi, akaweka rula juu yake. "Hesabu vitanzi kwenye sentimita 10." Vilikuwa 28. Chukua 96, gawanya kwa 28, zidisha kwa 10: sentimita 34. Hesabu yake ya 98 ilikuwa ya sindano zake za milimita 4 na nusu. Spoku ni kama milimita 2. Namba za vitanzi bila unene wa sindano hazina maana, nami nilizichukua kama namba za simu. Kilichonifichia kosa ni kwamba spoku yenyewe ina urefu wa sentimita 30 hivi, kwa hiyo kitambaa cha 34 kilionekana kimejaa na kubanana, nikadhani ni kipana. Akauvalisha chupa ya chai. Ukakaa barabara.

Tulichonga sindano mpya kwa mwanzi wa ulanzi, mkavu wa mwaka uliopita, kwa sababu mbichi hupinda ukikauka. Unaupasua kwa panga, unachonga kwa kisu, unapiga msasa, halafu unasugua mshumaa ili uzi uteleze. Safari hii nilianza na kipande cha majaribio: vitanzi 30, kama sentimita 15 kwenda juu. Nilipima sentimita 10 za katikati tu, maana kingo hujikunja na kudanganya. Vitanzi 20. Hesabu ikakubali: 96 kwa 20 ni 48.

Uzi wa ule wa kwanza nilifumua, nikauloweka upya, na chupa ya chai ikabaki uchi. Mzula wa pili ulinichukua jioni 3. Babu aliuvaa, akaona unamfunika nyusi, akalikunja pindo sentimita 3 kwenda juu. Mbavu hukunjika vizuri. Mbele-nyuma ya kawaida pale pembeni ingejiviringisha kama mkeka.

"Uzi umebaki?" akauliza.

"Umebaki, babu."

"Basi nifumie soksi."

Nikamwambia soksi za mviringo zinataka sindano 4 au 5, nyembamba kuliko hizi za mwanzi, nami sina.

Akageuka kuitazama baiskeli iliyoegemea ukutani. "Ile," akasema, "gurudumu la nyuma halina kazi tena."