Kibali cha Uchomaji wa Mapema Kitolewe Aprili

Kila mwaka ifikapo Septemba, viongozi wa wilaya zenye misitu ya miombo husimama mbele ya wananchi na kuonya juu ya moto kichaa. Onyo hilo ni la haki, lakini huja wakati nyasi zimekwisha kukauka hadi shinani na sehemu kubwa ya kinga iliyowezekana imeshapitwa na wakati. Moto wa Septemba na Oktoba huzuiwa mwishoni mwa Mei, Juni na Julai, na katika miombo njia ya uhakika zaidi ya kuuzuia ni kuchoma nyasi mapema, kwa mpangilio, zikiwa bado na unyevu.

Jambo hili si geni kwa wataalamu. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, huko Ndola katika Zambia ya leo, maofisa wa misitu walitenga vipande vya miombo na kuvitendea kwa njia tatu kwa miaka mingi. Kipande kilichochomwa kila mwaka mwishoni mwa kiangazi kilipoteza miti yake hadi kikawa uwanda wa nyasi wenye miti michache. Kilichochomwa mapema kiliendelea kuwa msitu. Na kilichokingwa moto kabisa kilianza kusongamana kuwa kichaka kizito. Sababu ya tofauti hiyo inaonekana kwa yeyote anayeishi karibu na miti hii. Mitundu na miti mingine ya miombo huchipua majani mapya kabla mvua hazijanyesha, kati ya Agosti na Oktoba, ikitumia akiba iliyo mizizini, kwa hiyo moto unaopita wakati huo huunguza machipukizi na kuukuta mti ukiwa umekwisha kutumia nguvu zake. Moto wa Juni hupita chini, juu ya ardhi yenye unyevu, wakati mti bado una majani ya zamani yasiyo na thamani kubwa kwake.

Hata Serikali ya kikoloni ya Tanganyika iliifahamu nguvu ya moto wa mwisho wa kiangazi na kuitumia kwa makusudi. Katika miaka ya 1920, C. F. M. Swynnerton, aliyepambana na mbung'o huko Shinyanga, aliwataka Wasukuma wasichome nyasi mapema, bali wazitunze mpaka zikauke kabisa, kisha zichomwe kwa pamoja ili moto uwe mkali kiasi cha kuangamiza vichaka walimojificha mbung'o. Kila ninapofikiria habari hiyo naona uzito wa suala letu: moto uleule uliochaguliwa kuwa silaha ya kuua vichaka ndio tunaouachia misitu yetu kila mwaka kwa sababu tu ya kuchelewa.

Kilwa imewahi kuonyesha namna nyingine. Shirika la Mpingo Conservation & Development Initiative, likishirikiana na vijiji vyenye misitu yao ya hifadhi na likifadhiliwa na Norway, liliingiza uchomaji wa mapema katika mradi wa kupunguza hewa ukaa, kwa hoja kwamba moto mdogo wa mapema hutoa hewa hiyo kidogo kuliko moto mkubwa wa baadaye. Nimepata kuiona kazi ya namna hiyo ikifanyika katika kijiji kimoja cha kusini. Ilikuwa yapata saa kumi na moja jioni, upepo wa kusi umetulia. Mzee aliyeongoza kikosi alikamata konzi ya nyasi, akaikunja: mabua ya juu yakakatika, ya chini yakapinda bila kuvunjika. Akawaambia vijana, "Haya wanangu, sasa zinakubali." Wakawasha mienge ya nyasi kavu na kutembea kandokando ya njia ya zamani ya magogo, wengine wakifuata nyuma na matawi mabichi ya kupigia moto. Ndimi za moto hazikupita magoti, na zilipofika kwenye bonde lenye ubichi zikafa zenyewe. Penye nyasi kavu ziliacha ukanda mweusi, na penye ubichi mabaka yasiyoungua. Umande wa usiku ulimaliza mabaki. Ukanda huo mweusi ndio faida yenyewe, kwa maana moto wa Oktoba ukija kutoka mashambani au kwa warina asali hukutana na ardhi isiyo na cha kuunguza.

Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inaruhusu kuchoma uoto kwa kibali, na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, ulioanzishwa mwaka 2010, una wataalamu wanaoijua kazi hii vizuri. Kinachotukwamisha, kwa maoni yangu, ni kalenda. Mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai na kuisha tarehe 30 Juni, yaani nyasi hufikia kiwango cha kuchomwa hasa wakati mafungu ya mwaka unaoisha yamekauka na ya mwaka mpya hayajafika halmashauri. Mafuta ya pikipiki ya ofisa misitu, posho ya kikosi cha kijiji, hata barua ya kibali, hupatikana Agosti. Mwezi huo kuchoma kunakuwa hatari, na ofisa mwenye busara hukataa kusaini. Matokeo yake, mwananchi anayefuata sheria hachomi, huku asiyeifuata akichoma Oktoba, usiku, bila kumwambia mtu.

Upo pia woga wa kudaiwa hasara, na haupaswi kudharauliwa. Mwaka 2022 huko New Mexico, Marekani, moto uliowashwa na Idara ya Misitu ya nchi hiyo kwa nia ya kupunguza hatari ulitoroka siku ya upepo, ukaungana na mwingine na kuteketeza zaidi ya ekari 341,000, hata uchomaji wa idara hiyo ukasitishwa kwa muda nchini kote. Halmashauri ya kijiji inayowasha moto ina haki ya kuuliza nani atalipa mizinga ya jirani ikiungua. Leo jibu ni kwamba atalipa aliyewasha, na kwa kuwa hakuna anayewajibishwa kwa kutochoma mapema, kukaa kimya ndilo chaguo salama la kila ofisi.

Sisemi tuchome kila mahali. Vichaka vya juu ya msitu wa Kilimanjaro, ambako mwaka 2020 ziliungua takriban kilomita za mraba 95, ni uoto wa namna nyingine kabisa, na huko kinga ni njia za kuzuia moto, doria na maji, kama ilivyo kwa misitu minene ya milima ya Tao la Mashariki. Ninazungumzia miombo, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya hekta milioni 48.1 za misitu ya Tanzania Bara.

Kwa misitu hiyo, kibali kitolewe Aprili kwa msimu mzima, kwa jina la halmashauri ya kijiji, kikitaja maeneo yatakayochomwa na saa za kuwasha. Fedha zake zitengwe katika robo ya nne ya mwaka wa fedha na zisihamishwe. Kijiji kilichofuata masharti ya kibali, kikatoa taarifa kwa majirani na kuweka watu wa kutosha, kisidaiwe moto ukitoroka. Hasara hiyo ibebwe na mfuko wa Serikali.