Nilivyopata majibu ya bimu ninayoweza kuyatetea kwenye CalculiX

Mimi natumia CalculiX, ile softwea ya bure ya akina Guido Dhondt na Klaus Wittig wa Ujerumani ya kukokotoa kitu kinavyopinda na kubeba mzigo, na mbele yake naweka PrePoMax kwa ajili ya kuchora meshi (kugawa umbo kuwa vipande vidogo) na kuangalia matokeo. Inafanya kazi vizuri kabisa, sina shida nayo. Ila programu yoyote ya aina hii itakupa picha nzuri yenye rangi nyekundu na bluu hata kama jibu liko mbali na ukweli, haikuonyi, kwa hiyo kabla sijagusa bimu ya mteja huwa naanza na bimu ya majaribio ambayo jibu lake nalijua kwa kalamu.

Yangu iko hivi: chuma kizima, upana mm 50, kimo mm 100, urefu mm 1000, upande mmoja umeshikwa kabisa, upande wa pili unaning'inia na unavutwa chini kwa N 10,000, yaani kama tani moja hivi. E ya chuma, yaani ugumu wake wa kukataa kuvutika, naweka MPa 210,000. Kwa fomula ya kawaida, PL³ gawa kwa 3EI (P ni mzigo, L ni urefu, I ni namba ya umbo la mkato inayoonyesha bimu inavyokataa kupinda), ncha inashuka mm 3.81, na ukiongeza ule mchango mdogo wa shia (nguvu ya kukata) inafika 3.84. Mkazo pale kwenye shina, upande ulioshikwa, ni MPa 120, katikati ya urefu ni 60. Namba hizo naziandika kwenye karatasi naiweka pembeni ya kompyuta kabla ya kubonyeza ran (kuendesha hesabu).

Halafu naipitisha ile bimu kwenye elementi (vile vipande vya meshi) za aina mbalimbali makusudi nione kila moja ina tabia gani. Ukiweka elementi za tofali zenye nodi 8 (pointi za kuungania), C3D8, safu moja tu kwenye kimo chote, kila moja urefu mm 100, ncha inashuka kama theluthi mbili tu ya jibu. Sababu ni kwamba kingo za ile elementi ni mistari iliyonyooka, haziwezi kujipinda, sasa bimu ikitaka kupinda elementi inalazimika kujikata kwa shia ambayo kiuhalisia haipo, na ile shia ya uongo inakula nguvu, bimu inaonekana ngumu kuliko ilivyo. Ukizirefusha elementi ziwe mm 200 hali inakuwa mbaya zaidi, unabaki na kama asilimia 40 ya jibu. Na hapa ndipo pa kuogopa, kwa sababu kosa liko upande wa kukufurahisha, bimu inaonekana imara kumbe sivyo.

C3D8R, tofali hilohilo la nodi 8 lakini la hesabu fupi, nayo ina tabia ya kinyume. Yenyewe inapima pointi moja tu katikati ya elementi, ile shia ya uongo inaondoka lakini ukiweka safu moja inalegea kabisa maana katikati ya kimo hakuna mkazo wa kupinda, haina cha kupima. Nikiweka safu 4 ncha inashuka kama asilimia 6 zaidi ya inavyotakiwa, ambayo mtu anaweza kusema haina neno, ila nenda kaangalie mkazo katikati ya urefu: badala ya 60 unasoma 45. Pointi ya juu kabisa inayopimwa iko mm 37.5 toka katikati wakati uso wa bimu uko mm 50, na 37.5 ya 50 ni robo tatu, ndiyo hiyo 45. Jibu la kushuka linakaribia, jibu la mkazo limepungua robo nzima, kwenye ran ileile moja. Ndiyo maana siamini mtu akiniambia amelinganisha kushuka tu.

Iliyotulia kwangu ni C3D20R, tofali la nodi 20. Safu 2 tu zinatosha, 3.84 inakuja, 60 inakuja. Kama umbo lina kona kona na tofali halikai basi piramidi za nyuso nne zenye nodi 10, C3D10, nazo ziko vizuri, ila zile za nodi 4 mimi siziweki kabisa kwenye kitu kinachopinda.

Jambo lingine kuhusu pale kwenye shina: mkazo wa kona ya sapoti iliyoshikwa kabisa usiusome. Ukipunguza saizi ya meshi unapanda, ukipunguza tena unapanda tena, hauna mwisho, kwa sababu ile kona kihesabu haina kikomo. Mimi nasogea mbali na sapoti angalau kimo kimoja cha bimu ndipo nalinganisha.

Sasa kazi yenyewe. Ilikuwa bimu ya kuinulia injini kwenye karakana moja ya magari hapa Dar, IPE 200 (chuma cha umbo la I chenye kimo mm 200), mita 4 toka ukuta hadi ukuta, chini yake inatembea troli na cheni bloku ya tani moja. Mwenye karakana alitaka neno moja tu, "Kijana, itabeba au haibebi?" Nikamwambia "Mzee nipe muda nikupe jibu lenye namba." Kwa kalamu, mzigo ukiwa katikati, PL³ gawa 48EI, I ya kitabu ni sm⁴ 1943, inatoka mm 3.27, weka na shia unafika kama 3.4. Mkazo kama MPa 52.

Nikaichora kwa shelo (elementi za bamba jembamba) za nodi 8. Shelo haina ile duara ndogo ya kona kati ya webu (bamba la wima) na flenji (bamba za juu na chini), ukipiga I ya mabamba matatu matupu unapata kama 1846 badala ya 1943, kwa hiyo nilijua kabla kwamba modeli itashuka zaidi kidogo, na kweli ikaja kama 3.5. Hiyo tofauti niliweza kuieleza nikaridhika. Uzito wa bimu niliupima peke yake, IPE 200 ni kilo 22.4 kwa mita, sapoti mbili jumla zinatakiwa kurudisha karibu N 880, kasoro kidogo kwa sababu ya zile kona. Kama unatumia milimita na Newton basi densiti ni tani 7.85e-9 kwa milimita ya ujazo na graviti ni 9810, ukichanganya hapo jumla ya sapoti itakuonyesha mara moja.

Lakini kilichonifundisha zaidi ni sapoti. Bimu imekalia flenji ya chini. Nikijaribu kuzuia zile ncha mbili zote zisisogee kwa urefu, kushuka kunaanguka hadi karibu mm 2! Ni kama asilimia 40 imepotea, na ukisoma sapoti zinasukumana kwa upande karibu tani 3, maana bimu ikipinda flenji ya chini inataka kutanuka na wewe umeizuia. Ukuta wa matofali wa karakana hauwezi kushikilia hivyo, kwa hiyo ncha moja niliiachia iteleze, na ndipo 3.5 inapatikana. Fomula ya kalamu ndiyo iliyoniambia ipi ni ipi, skrini peke yake zote mbili ni nzuri.

Hata ukitumia kipimo cha urefu gawa 600, inaruhusiwa kushuka mm 6.7, kwa hiyo upande huo tuko salama. Kilichobaki ni vitu ambavyo fomula ya bimu haivioni: magurudumu ya troli yanapinda kingo za flenji ya chini, hapo nilisaga meshi ndogo chini ya gurudumu na kuweka mzigo kwenye kieneo cha mguso badala ya nodi moja, Eurocode 3 (kanuni za Ulaya za miundo ya chuma) sehemu ya 6 ina hesabu yake ya kulinganishia. Na bimu kupinduka ubavu, ambako statiki ya kawaida haikwambii kitu, unahitaji hatua ya BUCKLE (hesabu ya kupinduka ghafla) peke yake. Hiyo niliiendesha na ncha zikiwa zimezuiwa zisizunguke, halafu kwenye mchoro wa fundi nikaandika kwa herufi kubwa kwamba bamba za kuzuia kuzunguka zichomelewe pande zote mbili kabla cheni haijapandishwa.