Kujipigia debe

Jumapili, usiku

Leo nimebadilisha stetasi ya WhatsApp kuliko nilivyoandika. Asubuhi jalada la riwaya, mchana aya moja kali, jioni picha ya msomaji wa Singida aliyepokea kifurushi chake. Wapo jamaa walioniambia waziwazi kwamba wameshaficha stetasi zangu. Sawa tu. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza, lakini wahenga hawakuwa na mzigo wa vitabu uvunguni.

Duka la vitabu linapokea nakala zako kwa mali kauli: zikiuzwa wanakata chao, nawe unalipwa wakikumbuka. Siwalaumu sana. Kinachowaweka mjini ni vitabu vya kiada na madaftari. Riwaya isiyosomwa shuleni inapandishwa rafu ya juu kabisa, ikashike vumbi huko. Ndiyo maana mwandishi wa riwaya hapa kwetu vitabu vyake anavitembeza kwapani. Si jambo la leo. Ben Mtobwa, mwandishi aliyetupa mpelelezi Joram Kiango wa riwayani, alifika mahali akaanzisha kampuni yake mwenyewe ya uchapishaji, Heko. Na kabla ya simu hizi, hadithi ngapi zilitoka kwanza magazetini kwa vipande, kila kimoja kikikatikia patamu na neno "itaendelea"? Tunachofanya WhatsApp ni kilekile, ila muuza gazeti naye sasa ni mwandishi.

Mimi sehemu za mwanzo natoa bure kundini, mpaka wahusika wazoeleke kama majirani. Hapo ndipo natangaza: mwendelezo shilingi elfu mbili, namba ya M-Pesa hii hapa. Wengine wanalipa papo hapo, wengine "nirushie kidogo tu, mwandishi, mwisho wa mwezi nakutoa". Wapo pia wanaosambaza PDF bure. Hao nimeacha kugombana nao, maana baadhi ya wanunuzi wa kitabu cha karatasi wametokea kwao.

Kinachoninyima usingizi ni kingine. Vipande vinadai kila kimoja kiishe kwa mlio wa risasi au hodi ya usiku wa manane. Jana nilikuwa na sura ya mama na binti wanachambua mchele. Hawazungumzi lolote la maana, bei ya sukari, mvua, lakini kokoto zinavyotupwa uani unaona kabisa kwamba mama ameshaijua mimba ya binti. Nikajiuliza, hii itauza kweli? Kidole kikawa kinawasha kuongeza hodi. Nikaituma ilivyo.

Asubuhi mama mmoja wa Tanga, ambaye kundini huwa hachangii hata salamu, akanitumia ujumbe wa sauti: "Mwanangu, huyo mama usimpigishe kelele. Mwache hivyohivyo." Kisha akalipia sehemu zote zilizobaki, zake na za mdogo wake.

Kesho alfajiri niko stendi na vifurushi vya Mwanza. Nitapiga picha risiti na namba ya basi, niwatumie wenyewe wasije wakadhani nimewaingiza mjini. Nikirudi, kuna risala ya harusi ya kumalizia. Mteja anataka machozi, na analipa vizuri. Risala ndiyo itakayolipa kodi ya nyumba mwezi huu. Riwaya italipa umeme, na mwaka jana haikuweza hata hilo.