Mitungi minne: kumbukumbu ya kuirudishia harufu bangi ya uani

9 Novemba, Portland, Oregon

Mavuno yamekauka na yananuka nyasi, kama uwanja wa mpira uliofyekwa asubuhi. Mwezi wa tisa, mmea ukiwa bado umesimama uani, ukiugusa tu mkono ulibaki na msonobari na ganda la chungwa. Mbegu niliuziwa kuwa ya ukoo wa Durban, Afrika Kusini, unaosifika kwa terpinoleni, moja ya mafuta yanayoupa harufu yake. Kosa ni langu: nilianika gerejini, hita inawaka, feni inapuliza moja kwa moja, na baada ya siku nne nikajiona fundi. Wenye subira huanika siku kumi hadi kumi na nne, gizani, kwenye nyuzijoto 16 hadi 18 na unyevu wa asilimia 60 hivi.

Harufu ile ni terpeni, mafuta mepesi yanayoruka hewani hata bila moto. Ross na ElSohly wa Chuo Kikuu cha Mississippi walilipima jambo hili mwaka 1996: maua yaliyoanikwa juma moja tu yalikuwa yamepoteza karibu theluthi ya mafuta hayo, na baada ya miezi mitatu zaidi ya nusu. Hao walianika kawaida. Mie na hita yangu sijui tuseme nini.

Kwa wanaosoma wakiwa Dar au Mombasa: huko ni jinai, basi hii ichukueni kama hadithi ya jirani. Oregon imeruhusu tangu Julai 2015 kwa wenye miaka 21 na zaidi, miche minne kwa kaya. Ila serikali kuu ya Marekani bado inaihesabu kosa, na asiye raia anaweza kuharibikiwa na makaratasi yake kwa kukiri tu kwamba ametumia. Mie nilingoja mpaka nikala kiapo cha uraia ndipo nikanunua mbegu.

16 Novemba

Nimenunua vichupa vitatu vya terpeni: limonini ya maganda ya machungwa, mirseni, na kariofilini iliyotolewa kwenye karafuu. Mtoto wa Pemba nimelipa dola kununua karafuu ndani ya kichupa cha mililita tano. Bibi yangu angecheka mpaka kanga imdondoke.

Shemeji alishauri tutie mafuta ya karafuu ya dukani, tusijisumbue. Nimekataa. Sehemu kubwa ya mafuta hayo ni yujenoli, ile inayotia ganzi jino bovu, na kariofilini humo ni kidogo. Mafuta ya kula nayo hayana nafasi hapa, yakivutwa yanadhuru mapafu.

Ajali ya kwanza haikuchelewa. Nilipima limonini ndani ya kikombe cheupe cha povu, vile vya kahawa ya kubeba. Nikageuka kuchukua kalamu, kurudi kikombe kimetoboka na mizani inaogelea. Limonini huyeyusha povu lile kama maji yanavyoyeyusha sukari. Tangu leo ni kioo tu, hata bomba la sindano ni la kioo. Mpira wa kifuniko pia nimeutoa kwa sababu huvimba.

17 Novemba

Hesabu. Ua zuri lina terpeni asilimia moja hadi tatu ya uzito wake. Mchanganyiko wangu ni limonini sehemu tano, mirseni tatu, kariofilini mbili. Tone moja la bomba langu lina miligramu 22. Nimegawa gramu 28 kwenye mitungi minne, saba saba.

Wa kwanza sikuugusa. Wa pili matone matatu, yaani kama asilimia moja. Wa tatu matone sita. Wa nne matone mawili tu, lakini kwa njia nyingine, nitaieleza.

Wa pili na wa tatu nilidondoshea juu ya maua moja kwa moja. Usifanye hivyo. Ua moja lilikunywa matone yote na mengine hayakupata kitu. Nimelitupa, nikajaza lingine, safari hii nikapaka matone kwenye ukuta wa ndani wa mtungi, nikauzungusha polepole mpaka kioo kikakauka, ndipo maua yakaingia.

Njia ya wa nne imetoka Wete. Bibi hakumwagia nguo marashi. Kanga zilikunjwa, zikapangwa sandukuni na vikuba vya asumini katikati, sanduku likafungwa. Ukizivaa Ijumaa hakuna anayesema umejipaka, wanasema unanukia. Nimekata ukanda wa karatasi ya kuchujia kahawa, nikautilia matone mawili na kuuning'iniza chini ya kifuniko, usiguse ua hata moja. Mitungi yote iko kabatini, gizani.

20 Novemba

Ukanda nimeutoa. Kabla sijafika kwenye maelezo, haya ndiyo maneno ya shemeji akifunua mtungi wa tatu: "Shem, umeoshea choo?" Ana haki. Asilimia mbili kwa limonini nyingi namna hii ni sabuni ya sakafu. Wa pili unapendeza dakika ya kwanza, kisha unachosha pua. Wa nne una chungwa kwa mbali, na nyuma yake bado unaisikia bangi yenyewe. Wa kwanza ni uwanja wa mpira vilevile.

24 Novemba

Leo misokoto, gramu 0.7 kila mmoja. Nilitaka kujaribu njia ya mkato: kusaga kwanza, kisha tone moja kwenye unga, kisha kusokota. Karatasi ililowa madoa, ikawa inapenyeza mwanga kama ya maandazi. Tulipowasha, upande mmoja ulikimbia na mwingine ukabaki mbichi, na koo langu liliwaka. Tone moja kwa gramu 0.7 ni zaidi ya asilimia tatu. Nilipaswa kupiga hesabu kabla ya kiberiti.

Misokoto ya mtungi wa nne iliungua sawasawa. Siri ni kutia harufu ua likiwa zima, kulipumzisha siku kadhaa, na kusaga dakika za mwisho.

Sipandishi dozi tena, na si kwa ajili ya pua peke yake. Mwaka 2017 wanakemia wa chuo kikuu cha hapa hapa mjini, Portland State, walionyesha kwamba terpeni zikipashwa moto mkali, kama wanavyofanya wavutaji wa nta ya bangi, hutoa kemikali zenye sumu, methakroleini na benzini. Moshi una madhara yake tayari, sina haja ya kuukolezea.

15 Desemba

Nimefungua mtungi wa pili. Chungwa limeondoka, imebaki pilipili manga. Limonini na mirseni zina kaboni kumi kwa molekuli, ni nyepesi. Kariofilini ina kumi na tano, inakaa kitako. Kwa hiyo sehemu nane kati ya kumi za mchanganyiko wangu zilikuwa mgeni wa wiki nne. Utamu wa terpinoleni haukurudi kwenye mtungi wowote, na sidhani vichupa vitatu vingeweza kuurudisha.

19 Januari

Kipima unyevu kimefika, na nimefunga kamba za kuanikia chini ya nyumba, mahali penye ubaridi na mbali na hita. Msimu ujao hiyo ndiyo kazi ya kwanza, na ukanda wa karatasi utatumika kwa yale yatakayoharibika.

Mtungi wa nne shemeji aliuomba, nikampa bure, maana kuuza ni kosa. Wa tatu mke wangu aliufukuza ndani, nikauweka bandani bila kuukaza kifuniko. Sasa mashine ya kukatia nyasi inanuka machungwa.