Kujinyima Kunahitaji Kitu Mkononi

Wapendwa katika Kristo,

Kwaresima ikifika tunahimizana: "Tujinyime." Kunyima kunahitaji mwenye nacho, mhitaji, na kitu chenyewe. Mithali 3:27 yasema, "Usiwanyime watu mema yaliyo haki yao." Anayejinyima anasimama pande zote mbili, lakini kitu lazima kiwepo, tena kiwe chake.

Ndugu zetu Wakongomani walioko katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale na Kyaka II, nchini Uganda, hawakujinyima mgao wa chakula ulipopunguzwa mwaka 2023. Walipungukiwa. Kumhimiza mtu wa namna hiyo ajinyime ni kumtwika mzigo ambao Maandiko hayakumtwika: nia "hukubaliwa kwa kadiri ya alivyo navyo mtu, si kwa kadiri ya asivyo navyo" (2 Wakorintho 8:12). Yeye ndiye wa kupelekewa.

Vilevile, baba akipunguza posho ya watoto ili atoe sadaka, amewanyima watoto. Mwajiri anayechelewesha mshahara wa dada wa kazi kwa sababu ya michango ya kanisa naye amenyima, hata kama anafunga kila Ijumaa. Hili linatuuma, maana tunalifanya kwa jina la Bwana.

Basi ukiacha chakula cha mchana, pima asubuhi kile ambacho ungekula wewe: unga, maharage, au pesa ya chapati na chai. Kiweke kando mapema; ukingoja jioni, pesa itakuwa imeishia kwenye boda. Kabla ya Jumapili kimfikie mwenye njaa, kama Isaya 58:7 inavyoagiza. Usipokitoa, na usiku ukapakua sahani mbili, umeahirisha mlo tu.

Kwa Wakatoliki, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu wenye miaka 18 hadi 59 hula mlo kamili mmoja. Milo mingine miwili midogo inaruhusiwa, mradi ikijumlishwa isifikie mlo kamili. Maji hayavunji mfungo huo, kwa hiyo yanywe. Kichwa kinachouma mchana mara nyingi kinadai maji, au chai uliyoizoea. Ipunguze kidogo kidogo siku chache kabla.

Mjamzito, anayenyonyesha na mwenye kisukari wasiache kula. Wajinyime redio, soda au maneno. Anayemeza dawa za kifua kikuu au za VVU azimeze kwa saa yake, na kama zinahitaji chakula, ale.