Archie Griffin na mzee wa kiwanja chetu

Archie Griffin ndiye mchezaji pekee wa mpira wa vyuo vya Marekani aliyetwaa tuzo ya Heisman, ile ya mchezaji bora wa mwaka wa vyuo, mara mbili, mwaka 1974 na 1975, na kwa sababu hiyo watu wengi humkumbuka kwa mbio zake. Mimi navutiwa zaidi na alichokifanya baada ya kuvua jezi. Alizaliwa Columbus, mji uleule wenye Chuo Kikuu cha Ohio State, akakichezea chuo hicho kuanzia 1972 hadi 1975, akaenda kucheza soka la kulipwa la Kimarekani katika timu ya Cincinnati Bengals, kisha katikati ya miaka ya 1980 akarejea chuoni kufanya kazi ya ofisini katika idara ya michezo. Mwaka 2004 alikabidhiwa uongozi wa chama cha wahitimu wa chuo hicho, akaushika hadi 2015.

Mchezo wenyewe si soka hili linalotupeleka Uwanja wa Sokoine hapa Mbeya. Ni ule wa kofia ngumu, ambao mchezaji huukumbatia mpira kifuani na kukimbia huku watu wenye miili mikubwa kuliko wake wakimwangukia. Griffin hakuwa na umbo la kutisha, kwa kuwa urefu wake ulikuwa kama mita 1.75 tu, na mara ya kwanza alipopewa mpira katika timu ya chuo aliudondosha. Katika mchezo uliofuata, dhidi ya North Carolina, aliingia akitokea benchi na kukimbia yadi 239, yaani karibu mita 220, ikawa rekodi ya chuo. Baadaye alivuka yadi 100 katika michezo 31 mfululizo ya msimu wa kawaida, jambo ambalo hata asiyeujua mchezo huo anaweza kulipima uzito wake.

Kocha wake, Woody Hayes, alikuwa mkali kupita kiasi, na sidhani kama ningependa kufundishwa naye, lakini alikuwa na fundisho moja lililokaa kwa wachezaji wake: waliokusaidia huenda usipate nafasi ya kuwalipa, kwa hiyo walipe wanaokuja nyuma yako. Griffin alilichukua fundisho hilo na kulifanya kuwa ajira, na hapo ndipo ninapotaka tuangalie kwa makini. Hakuitumikia Ohio State kwa moyo mtupu. Alikuwa na ofisi, mshahara, wasaidizi, na orodha ya wahitimu wanaokaribia nusu milioni ambao chama chake kilijua namna ya kuwafikia. Umaarufu ulimfungulia milango, lakini kazi ya kila siku ilibebwa na mfumo uliokuwepo kabla yake na uliobaki alipoondoka.

Katika shule ya sekondari niliyosoma, huku kwenye miinuko ya Mbeya, tunaye Griffin wetu asiye na kombe lolote. Alikuwa winga wa timu ya shule, akafika na wenzake mashindano ya UMISSETA, yale ya michezo ya shule za sekondari, akamaliza kidato cha nne na kwenda kutafuta maisha kama sisi wengine. Aliporudi kijijini kulima viazi, alianza kuja shuleni jioni. Tangu hapo ndiye anayechora mistari ya chokaa, anayeshona nyavu, anayewatafutia watoto njumu za mitumba katika soko la Mwanjelwa, na anayewafuata wazazi nyumbani pale mchezaji anapoacha kuonekana darasani. Masika yakikolea, kiwanja kile hugeuka tope, naye hushinda na jembe akifungua mitaro ili maji yasilale golini. Majina ya vikosi vyote alivyovilea ameyaandika kwenye kaunta buku moja nene, na ukimuuliza beki fulani yuko wapi siku hizi, mara nyingi anajua.

Sisi wahitimu tunampenda sana. Kwenye kundi letu la WhatsApp hutumiwa picha zake, tukamwita baba na nguzo, na kwenye mahafali husimamishwa apigiwe makofi. Msiba ukitokea, michango hufika siku hiyohiyo, na hilo ni jema, lakini zikitajwa fedha za nyavu mazungumzo hupoa ghafla, kisha mtu huuliza nani atazishika. Swali hilo ni halali kabisa. Tatizo ni kwamba tumeliuliza miaka nenda rudi bila kulijibu. Tangu elimu bila ada ilipoanza mwaka 2016, shule za serikali zilizuiwa kuwatoza wazazi michango ya lazima, kwa hiyo wahitimu wanaochangia kwa hiari wana nafasi kubwa kuliko tulivyokuwa nayo zamani. Tumemwachia mtu mmoja kazi ya taasisi nzima, kisha tunauita huo uzalendo wake. Akiugua wiki mbili, hakuna mazoezi.

Ninachopendekeza hakina mvuto wowote: tuandike katiba, tusajili chama kwa Msajili wa Jumuiya katika Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, tufungue akaunti ya benki yenye watia saini zaidi ya mmoja, tunakili yale majina ya kwenye kaunta buku na kuyawekea namba za simu kwa ridhaa ya wenyewe, na mzee alipwe posho inayoeleweka pamoja na kijana wa kumsaidia. Nilipomgusia jambo hili alikataa uenyekiti papo hapo, akasema vikao vitamtoa kiwanjani. Alichoomba ni toroli, na kifusi cha kuinua upande wa chini wa uwanja kabla ya mvua za Novemba.

Kwa nafasi ya mweka hazina nitamtaja dada aliyekuwa nahodha wetu wa netiboli, ambaye sasa anashika vitabu vya ushirika wa akiba na mikopo huko Uyole. Ameniambia atakubali kwa sharti moja, kwamba mapato na matumizi yasomwe mbele ya wanachama kila baada ya miezi mitatu, na anayetaka kumsifu mzee asimame baada ya kulipa ada yake.